Kabati la Gemu la Dada Shadia

Waliosema mchagua jembe si mkulima hawakuwa wakimsema mtu wa shamba peke yake. Walimlenga kila anayekagua vifaa hadi msimu unampita, huku mdomo wake umejaa mipango. Hamdani, fundi seremala wa Ujiji, alikuwa mmoja wao, na laiti angelijua mapema!

Dada yake, Shadia, mchuuzi wa dagaa pale Kibirizi, alikuwa na presha ya macho. Mwezi wa saba daktari alimwambia bila kumung'unya maneno kwamba mwaka hautapita kabla hajawa kipofu. Shadia hakulia. Alimwomba mdogo wake jambo moja tu.

"Unaikumbuka ile mashine ya gemu, aliyoileta yule mfanyabiashara wa Bujumbura tukiwa wadogo? Ile ya ndege za vita?"

"Nitaisahauje, dada? Uliwatoa jasho wavulana wote wa Ujiji!"

"Natamani kuicheza tena, Hamdani, wakati bado naona."

Hamdani aliapa kumtengenezea yake ya nyumbani, kabati zima, lenye kioo, mkono wa kuongozea na vitufe vyekundu. Na kwa kuchora, jamani, alikuwa hodari! Alilichora kabati hilo kutoka mbele, ubavuni na nyuma, akafuta, akachora tena. Japhet, fundi wa televisheni wa jirani, hakuchora kitu. Alichukua televisheni kuukuu, akaiunganisha na kompyuta ndogo, akapakia michezo ya zamani, na wiki ya pili akaileta karakanani.

"Gemu hii hapa, inacheza," alisema. "Mwite dada aanze leo leo, hata juu ya meza."

"Juu ya meza?" Hamdani aliguna. "Dada yangu huyo, Japhet! Ngoja kwanza nipate mninga."

Mninga ulikuja kutoka Uvinza, ukawa mbichi. Mbao mbichi hupinda, na Hamdani hakutaka kuaibika, akauanika. Mvua zikaanza, mbao zikagoma kukauka. Vitufe vilipofika kutoka Dar es Salaam vilikuwa vya rangi ya chungwa, akavirudisha. Televisheni ya Japhet ikakaa pembeni, imefunikwa shuka.

"Bado tu?" Shadia aliuliza kila alipopita.

"Kidogo tu, dada. Nataka kitu cha heshima."

"Heshima nimekuomba mimi? Nataka kucheza!"

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata Hamdani alifika Kibirizi, akamkuta dada yake akichambua mchanga kwenye dagaa kwa vidole, uso ameuelekeza kwenye paa. Mteja alisimama mbele yake kimya, naye hakujua kama kuna mtu. Moyo wa Hamdani ulimlipuka pa! Alirudi mbio karakanani. Lakini mazoea yana taabu: badala ya kuifunua ile televisheni, alishika randa.

Mwezi wa nne kabati lilikamilika, televisheni ya Japhet ikiwa ndani yake. Lilikuwa zuri, haki ya Mungu, linang'aa vanishi, na vitufe vyake vyekundu kama alivyoahidi. Alilipeleka sebuleni kwa Shadia, majirani wakaja kulitazama. Hamdani alimshika dada yake mkono, akamketisha mbele ya kioo, akawasha. Muziki wa mchezo ukaanza, na Shadia akatabasamu kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi.

"Wimbo ni uleule," alisema. Akapapasa mbao, akaufikia mkono wa kuongozea. "Kuna mwanga mbele yangu?"

Mwanga wa kioo ulikuwa umemjaa dada yake usoni.

"Basi nielekeze. Adui wako upande gani?"

"Kushoto, dada. Hapana, juu! Sasa kulia..."

Kabla hajamaliza kusema, ndege ililipuka. Walijaribu tena, ikalipuka. Mara ya tatu Shadia hakuusogeza mkono kabisa. Alisikiliza mlipuko, akashusha pumzi.

"Ni mimi wa kulaumiwa," Hamdani alisema, machozi yakimtiririka. "Nisamehe, dada. Macho yako nimeyamaliza mimi kwa kungoja mbao."

"Nimekusamehe," Shadia alijibu taratibu. "Zima tu, mdogo wangu, umeme usiende bure."

Alizima. Kabati likabaki sebuleni, bora kuliko makabati yote ya Ujiji, lisilo na mchezaji. Mchagua jembe si mkulima, na Hamdani hakulima.