Mtani wa Waziri Fisi

Kaeni vizuri, maana kisa hiki hakimngoji anayejikuna.

Mwaka ule mvua iligoma. Mito ikabaki mchanga mtupu, na Mfalme Simba akaamuru nyama yote ya akiba ikaushwe na kufungiwa katika ghala moja la udongo. Mlangoni aliwekwa Nyati, ambaye hasinzii wala hahongeki. Hata hivyo nyama ilizidi kupungua, na cha ajabu, katika njaa ile yote, Waziri Fisi alizidi kunenepa.

Siku mfalme alipouliza mwizi ni nani, Fisi hakukawia.

"Nimeona nyayo nyuma ya ghala, Mtukufu. Ni za Bi Tabu, yule bibi kizee, mama yake Sungura."

Bi Tabu alikuwa amekwenda kuokota majani makavu. Hakuwahi kuonja nyama tangu azaliwe, na mji mzima ulilijua hilo. Lakini Simba alikwisha kutamka, "Afungwe!" na Simba akishatamka, hata akikosea, hakubali kusahihishwa. Ikaamriwa bibi huyo atafunwe siku ya Ijumaa, mbele ya baraza.

Sungura alizipata habari hizo akiwa porini. Alilia mpaka kifua kikamuuma, kisha akafuta machozi akaanza kuwaza. Kwenda barazani kusema kweli kulikuwa sawa na kujipeleka jikoni kwa miguu yake. Nani angemwita waziri mwizi, kisha arudi nyumbani na kichwa chake?

"Mtani," akajijibu. "Mtani wake tu."

Maana nchi ile, kama kwetu, mtani humwambia mtani wake lolote, hata msibani, na anayekasirika ndiye anayeaibika.

Akaokota miiba iliyodondoka mlangoni pa Nungunungu, akaibandika mgongoni kwa ulimbo. Masikio akayakunja na kuyafunika kwa kilemba. Jumatano asubuhi akaingia barazani na mfupa wa twiga begani, bado una mafuta.

"Hodi! Namtafuta mtani wangu Fisi! Babu yake alihamia katika shimo la babu yangu Nungunungu bila hata kusema hodi, akalijaza mifupa, na mpaka leo hajahama. Mtani, nimekuletea zawadi!"

Fisi hakumjua mgeni huyu hata kidogo, lakini mfupa aliujua. Akaudaka.

"Ni mtani wako kweli?" aliuliza Simba.

Mdomo wa Fisi ulikuwa umejaa. Akaitikia kwa kichwa, mbele ya baraza zima.

"Basi aseme," alisema Simba. "Sijacheka tangu kiangazi kianze."

"Mtukufu, mwambie waziri wako asipige miayo," alisema Sungura. "Kila akifungua kinywa, nasikia harufu ya ghala lako!"

Baraza likaangua kicheko. Simba alicheka mpaka manyoya ya shingo yakamtikisika. Fisi naye ikambidi acheke.

"Mchawi mkubwa wewe!" alijibu, kama utani unavyotaka, huku akisaga meno.

"Haya, chekeni," alisema Bi Tabu kutoka kwenye nguzo aliyofungwa. "Chekeni, na mimi nangoja kuliwa."

Maneno hayo yalimchoma Sungura kuliko miiba. Bibi akainua macho, akaiona pua ya mgeni ikichezacheza. Pua hiyo aliizaa yeye. Akainamisha kichwa haraka, asije akamfichua.

Ijumaa ikafika. Bi Tabu alipofunguliwa kupelekwa mbele ya mfalme, Sungura alijilaza chali katikati ya njia.

"Hapiti mtu! Kwenye msiba wa mtani wangu lazima nipewe ada yangu!"

"Msiba wangu uko wapi?" aliuliza Fisi.

"Masikini, hujui kwamba umefiwa? Leo unampoteza aliyekubebea wizi wako!" Watu wakacheka. "Lakini mtani, hata wizi hujui. Jana nilipita nyuma ya ghala nikanusa. Mapaja umemaliza, halafu umeacha mbavu nzima za nyumbu. Zimeangukia nyuma ya mtungi, zinachuruzika mafuta!"

Kila mtu alicheka isipokuwa Fisi. Fisi alikuwa anafikiri. Nyuma ya mtungi? Alitazama nyuma ya mtungi? Hakutazama! Mate yakaanza kumdondoka.

"Mtukufu, tumbo linanisokota. Naomba ruhusa kidogo."

Akaondoka mbio.

"Jamani, tumsindikize mgonjwa," alisema Sungura.

Baraza zima likamfuata. Nyuma ya ghala, chini ya matawi ya miiba, palikuwa na tundu ambalo hata Nyati hakulijua, na kutoka kwenye tundu hilo ilining'inia miguu miwili ya nyuma, ikipiga mateke. Siku zote Fisi aliingia kwa ubavu, taratibu. Leo kwa pupa aliingia mzima mzima, na tumbo likakwama.

"Waziri!" alinguruma Simba. "Unafanya nini humo?"

"Nakagua, Mtukufu!"

"Unakagua nini?"

Miguu ikaacha kupiga mateke. Kisha sauti ikatoka ndani, imejaa uchungu wa kweli:

"Mtani amenidanganya! Nyuma ya mtungi hakuna kitu!"

Simba alitazama ile miguu, akamtazama Bi Tabu, akajikohoza.

"Nilijua tangu mwanzo," alisema.

"Ndiyo, Mtukufu," waliitikia wote, na hapo hakucheka mtu.

Sungura akavua kilemba, masikio yakasimama. Alipoulizwa waziri apewe adhabu gani, alisema, "Aachwe papo hapo mpaka akonde." Ikawa hivyo. Kila aliyepita alimchapa kofi la matako na kumwita mtani. Ndiyo maana mpaka leo Fisi hutembea ameshusha kiuno, anangoja kofi jingine.

Sungura alimkimbilia mama yake, akamkumbatia kwa nguvu zote.

"Mama yangu wee, unanichoma!" alipiga kelele Bi Tabu. "Vua kwanza hayo madude, ndipo unililie!"

Nami naishia hapo. Ukitaka kumtwika mwenzako wizi wako, basi kwanza litulize tumbo lako, maana hilo halijui kunyamaza.