Neno Lililokatazwa Nyumbani kwa Senzota

Mtu mmoja wa milimani, jina lake Senzota, alikuwa na mdogo wake mmoja tu, Mbazi. Walilima tangawizi, kila mmoja na shamba lake, na maji ya mfereji waliyapokea kwa zamu. Mwaka mmoja Mbazi alijiua. Wazee wa ukoo wakakaa, wakaamua neno hilo lisitamkwe, maana waliamini likitamkwa litaita kifo kingine. Waombolezaji waliambiwa ameanguka. Akazikwa upesi, bila hotuba.

Tangu hapo watu waliomtembelea Senzota walizungumza juu ya mvua na tangawizi. Akimtaja mdogo wake, walitazama chini, kisha wakaomba ruhusa ya kwenda. Hakuna aliyemchukia. Lakini mtu hawezi kulilia kuanguka ambako hakukutokea, naye hakulia. Alikula peke yake, akashinda peke yake, na jina la ndugu yake akaacha kulitaja.

Baadaye akaanza kugawa vitu. Mbuzi alimpa jirani, jembe jipya akampa mpwa wake. Watu wakamsifu kanisani, wakasema msiba umemlainisha moyo. Mwisho akaenda kwa Nakijwa, mjane wa Mbazi, akamwambia aichukue zamu yake ya maji, iwe yake daima.

Nakijwa alishukuru kama wengine. Lakini alipofika shambani hakuufungua mfereji. Alijiuliza ni mkulima gani anayetoa maji yake yote, naye bado anakusudia kupanda. Akaacha kazi pale pale, akamfuata Senzota, akamkuta barazani. Akaketi karibu naye, jambo ambalo hakuna aliyelifanya tangu msiba.

"Shemeji," alisema, "mume wangu alijiua. Niliona amebadilika, nikaogopa kumwuliza. Wewe nakuuliza. Unataka kujiua?"

Senzota akasema, "Ndiyo," na kwa mara ya kwanza akalia.

Nakijwa hakumkemea wala hakumhubiria. Alimwambia habanduki hapo. Akatuma mtu amwite shangazi wa Senzota, na wote wawili wakakaa naye, kisha wakampeleka hospitali, wakawa wanampeleka kila alipotakiwa kurudi. Huzuni yake haikuisha mwaka ule. Lakini alipanda tena, na watu walipomwuliza habari za Mbazi alijibu, "Alijiua, nami nampenda."

Wazee walilaumu. Walisema Nakijwa ameingiza neno baya nyumbani mwa watu.

Ndugu zangu, neno lilikuwamo humo siku zote, ila lilikuwa limeachiwa mtu mmoja alibebe. Je, nyumbani kwenu leo ni nani aliyelibeba, akingoja mmoja wenu amwulize?