Bata wa Bwawani na Mashahidi Watatu

Hadithi yangu ni fupi ila ina mwiba; atakayechomwa asiseme hakuonywa.

Vijana watatu walijitolea kuhesabu ndege katika bwawa moja la nyanda za juu. Nasambu alijaliwa macho: unyoya ukibadilika rangi ng'ambo ya maji, yeye anauona. Chelimo alijaliwa masikio: bata akilia matetini, atakwambia ni yupi. Mutiso alijaliwa mikono: hakuna ndege aliyewahi kuumia mikononi mwake.

Msimamizi wa hifadhi akawaambia, "Bata mwitu wetu wanazaa na bata wa kufugwa. Tukiwaacha machotara, ukoo wa mwitu utapotea. Atakayenithibitishia chotara, nina nafasi moja ya kazi ya kumpa."

Wiki nzima Nasambu aliendelea kuhesabu ndege kama kawaida. Chotara alikuwa amekwisha kumjua. Alikuwa jike mmoja, aliyempa jina Shangazi kwa ule mwendo wake wa maringo. Mdomo wake ulikuwa wa manjano kama wa mwitu, ila doa jeusi la juu lilikuwa limefifia kingo. Mwishowe akanyoosha kidole. "Yule pale."

"Jua hudanganya macho," alisema msimamizi.

Chelimo akatega sikio siku tatu. "Wenzake hukata sauti mapema. Huyu anaivuta kama wa bandani."

"Sauti haishikiki, binti."

Basi Mutiso akaingia topeni, akamtoa Shangazi bila kumvunja hata unyoya. Miguu ya mwitu ni ya kahawia iliyokolea. Yake ilikuwa rangi ya chungwa.

"Jicho, sikio na mguu vimekubaliana," alisema msimamizi. "Kesi imekwisha."

Shangazi hakurudi majini. Mayai yake saba yalitolewa kiotani yakatiwa kwenye ndoo ili yakamwagwe, Nasambu akapewa aishike. Yalikuwa bado na joto.

"Na mwenye bata wa kufugwa aliyewaachia ovyo?" akauliza.

"Ah, yule ni jirani yetu."

Jirani! Huyo hakuulizwa hata jina.

"Kazi ni yangu," alisema Mutiso. "Bila mkono wangu mngebaki na dhana."

"Na bila sikio langu ungeingia topeni kumfuata yupi, kaka?" Chelimo akamgeukia Nasambu. "Nawe sema, dada. Si ndiwe uliyeanza?"

"Ndiyo," alisema Nasambu, macho yamo ndooni. "Ni mimi niliyeanza."

Haya, nyinyi mnaosikiliza, kazi ni moja: apewe mwenye jicho, mwenye sikio, au mwenye mkono? Na mkishaamua, niambieni: ile ndoo ataimwaga nani?