Wote Wako, Mheshimiwa

Uchaguzi uliwagawa wanakijiji mapande mawili, lakini kisima kilikuwa kimoja tu, mali ya tajiri Lugembe, mgombea udiwani.

"Asiyekuwa wangu asichote hata tone," alimwagiza Nyamizi, mama aliyekilinda.

"Nitawajuaje, Mheshimiwa?"

"Waulize!"

Kila jioni Nyamizi alimpelekea habari ileile: "Leo wote wako." Lugembe akavimba kichwa, hata kampeni akaacha.

Siku ya matokeo aligaragazwa. Akamjia Nyamizi mbio, anatweta.

"Si ulisema wote wangu?"

"Walisema wenyewe. Mwenye ndoo tupu atajibu nini kisimani?"

"Na wewe je? Uliniapia kura yako ni yangu!"

Nyamizi akajitwika ndoo yake iliyojaa pomoni.

"Nami huchota hapahapa, Mheshimiwa."