Risala ya Mwenyekiti

Mwalimu mkuu alipounda kamati ya kupinga unyanyasaji shuleni kwetu, alimteua Masanyiwa wa darasa la saba kuwa mwenyekiti, kwa kuwa wanafunzi wote walimtii. Walimtii kwa sababu aliwapiga. Wadogo walimchotea maji ya zamu yake, na uji wao aliunywa yeye.

Siku moja alimkamata kola Sikudhani wa darasa la nne.

"Kesho nasoma risala mbele ya mgeni rasmi. Niandikie. Watu wasiposhangilia, utanichotea maji mpaka nimalize shule."

"Watashangilia, kaka. Utaipitia kwanza?"

"Niipitie ya nini? Unadhani sijui kusoma?"

"Nisamehe, kaka. Nilisahau naongea na mwenyekiti."

Kesho yake Masanyiwa alisimama mbele ya wazazi, akatunisha kifua, akasoma neno moja moja:

"Ndugu mgeni rasmi, mimi kama mwenyekiti, kuanzia leo nitawachotea maji darasa la kwanza kila siku, na uji wangu nitawapa wao. Tunakuomba uje kila Ijumaa kuhakikisha."

Vigelegele vililipuka kabla hajaelewa alichosoma. Mgeni rasmi akaipokea risala kwa mikono miwili, akaitia mfukoni.

"Nitakuja bila kukosa," akasema.

Ijumaa Masanyiwa alipanda kutoka kisimani, dumu kichwani, shati limelowa. Akamwona Sikudhani.

"Umeniponza wewe!"

"Kwani hawakushangilia, kaka? Tembea, mgeni rasmi anakuangalia."