Fisi wa Lugembe

“Fisi hula mbuzi, yowe hula mji.”

Bibi Nkwimba, muuguzi mstaafu, aliyasema hayo kwenye benchi la nje ya wodi. Minza hakumwelewa. Kaka yake Malale alikuwa ndani, siku ya tisa tangu virusi vimshike, akihema kwa oksijeni, na daktari alitaka ridhaa ya kumpa dawa ya kutuliza kinga ya mwili. Fomu ilikuwa mapajani mwa Minza, imelowa jasho la viganja. Mgonjwa apunguziwe kinga? Aliogopa kwamba sahihi yake ndiyo itakayomuua kaka yake.

“Methali hiyo ilianzaje, Bibi?”

Ilianza hivi. Hapo kale, alfajiri moja, fisi aliingia zizini kwa mtu aliyeitwa Lugembe. Lugembe akapiga yowe. Desturi ilikuwa moja: ukisikia yowe, shika silaha, nawe upige yowe, kisha ukimbie kusaidia. Asiyetokea alitengwa, hata kaa la moto hakupewa. Jirani wa kwanza kufika alimchoma fisi mkuki, fisi akafa palepale. Aliyeliwa ni mbuzi mmoja tu.

Lakini yowe lilikwisha kufika vijiji vitatu. Watu wakaja kwa mamia, kila mmoja akipiga lake, wala hakuna aliyeuliza adui yuko wapi. Wakavunja ua, wakakanyaga mtama, wakawasha nyasi ili wamtoe fisi mafichoni. Moto ukarukia paa la Lugembe, na mtoto wake alikuwa amelala ndani.

“Fisi amekufa! Amekufa!” Lugembe akalia. Waliokuwa mbali walisikia kelele tu, wakaongeza mbio. Maskini, kila alipowazuia aliwaita.

Mkewe ndiye aliyetuliza akili. Alimtoa mtoto motoni, akaukokota mzoga wa fisi hadi njia kuu, akasimama kando yake kimya. Waliouona wakanyamaza, wakawanyamazisha wa nyuma yao. Kufikia hapo nusu ya mji ilikuwa majivu.

“Virusi vya Malale vimepungua,” Bibi Nkwimba akasema. “Walinzi wa mwili wake wenyewe ndio wanaowasha moto mapafuni.”

“Na walinzi wakinyamaza, fisi mwingine akaja?”

“Hatari hiyo ipo, mjukuu wangu, sikufichi. Ndiyo maana dawa hupimwa na mgonjwa huangaliwa. Ingekuwa siku ya kwanza, fisi yu hai, ningekukataza mwenyewe.”

Minza akatia sahihi. Muuguzi wa wodi alikuwa hajaichukua fomu simu ilipoita. Ni baba yao, kutoka nyumbani.

“Eti wanampunguzia kinga? Mgonjwa? Nani amekubali?”

“Ni mimi, baba. Fisi hula mbuzi, yowe hula mji.”

Kisa cha Lugembe baba alikijua tangu utotoni.

“Basi waambie wafanye haraka, mwanangu,” akasema. “Mtoto yumo ndani.”