Mlango wa Bi Mwatumu

Sogeeni, sogeeni, mkeka unatosha. Wewe unayetafuna karanga, meza kwanza. Hadithi hii ina mlango, na mlango wake haufunguki penye kelele. Mmenyamaza? Haya, nyamazeni tena, maana mwishoni nitawauliza.

Palikuwa na mama mmoja Tanga, mitaa ya Ngamiani, jina lake Bi Mwatumu. Mkate wake wa kumimina uliliwa katika harusi za watu wengi, lakini yeye mwenyewe maisha yake yote alilala chini ya paa la kupanga. Mungu alimpa watoto watatu, na kila mmoja akampa kipawa chake. Sikudhani, binti mkubwa, mhudumu wa zahanati, alipewa subira: angeweza kungoja maji yachemke juu ya moto uliozimika. Mbwana, wa kati, mpiga debe wa stendi, alipewa ulimi: alimpakia msafiri wa Pangani kwenye basi la Lushoto, na msafiri akamshukuru. Mwajabu, binti kitinda mimba, aliyekwisha kuolewa, alipewa masikio. Hata ukimsimulia jambo lile lile la jana, alilisikiliza kama jipya.

Basi mwaka huo miguu ya Bi Mwatumu ikaanza kuvimba, pumzi ikawa fupi. Na mwaka huo huo mwenye nyumba wake akafariki, warithi wakasema wanauza, wapangaji wahame. Bi Mwatumu akawaita wanawe.

"Kufa sikuogopi," akasema. "Ninachoogopa ni jeneza langu kupita mlango wa mtu, na mwenye mlango amesimama pembeni anaangalia kama tumemkwaruzia ukuta. Nataka nitoke kwa mlango wangu."

Barabara ya pili kutoka kwake palikuwa na nyumba ya Bi Hadia, shoga yake tangu chuoni walikosomea Kurani. Nyumba ya urithi kwa baba yake, baraza pana, mlango wa mninga. Bi Hadia alikuwa anaiuza.

"Nitakuuzia wewe, Mwatumu," akamwambia. "Lakini Seif Mabati naye yuko pale, pesa mkononi, anataka kuifanya stoo. Neno langu nitalishika mpaka Rajabu iishe. Shaabani ikiandama, usinilaumu."

Pesa hawakuwa nazo. Mwenye mshahara wa kukopeshwa na benki alikuwa Sikudhani peke yake. Akaenda.

Kila alasiri Bi Mwatumu alikaa mkekani, macho njiani. Binti akitokea, mama humuuliza kabla hajavua viatu: "Wamesemaje?"

"Faili liko juu."

"Juu wapi? Kwa Mungu?"

"Ghorofani, mama."

Siku nyingine mtandao haupo. Siku nyingine muhuri wa mwajiri umefifia, alete barua mpya. Akaleta barua mpya, akaambiwa picha yake imezeeka. Akapiga picha mpya, akaambiwa mwenye kupokea picha yuko likizo. Sikudhani hakugomba. Alikaa kwenye benchi lile mpaka mlinzi akawa anamwekea nafasi.

Alikuwa na mchumba, Twaha, fundi umeme. Twaha akamwambia, "Mshahara wako unaufunga miaka yote ya mkopo kwa ajili ya nyumba. Na mimi umenifunga wapi?"

"Ningoje."

Twaha hakupewa kipawa cha kungoja. Siku alipooa mwingine huko Muheza, Sikudhani alikuwa kwenye benchi la benki. Siku hiyo ndiyo faili liliposhuka.

Benki ikakubali, ila kwanza mthamini wao aione nyumba kwa ndani, aipime. Hapo ndipo kikatokea kisichopangwa na benki wala na mtu: mume wa Bi Hadia akaaga dunia. Bi Hadia akakaa eda. Nyinyi mnajua, miezi minne na siku kumi mjane hatoki, na mwanamume asiye wa kwao haingii alipo. Mlangoni akawekwa shangazi yake, Bi Mashavu, kizee mwenye masikio mazito na mkono mwepesi.

Benki haikukaa eda. Ikamtuma mthamini wake, bwana mtanashati, futi mkononi.

"Hodi! Naomba kumwona Bi Hadia. Mimi ni mthamini."

"Unamthamini nani?" akauliza Bi Mashavu.

"Vya ndani, mama. Nikishaona na kupima, ndipo nitasema thamani yake."

"Haa! Marehemu hata arobaini hajafika, wewe unakuja kumposa mjane! Na kamba ya kumpimia umekuja nayo!"

Kabla bwana hajajieleza, beseni la maji ya vyombo lilikuwa kichwani kwake.

Bi Mwatumu aliposimuliwa alicheka mpaka pumzi ikakatika, Mwajabu akampepea kwa upande wa khanga. Ilipomrudia, hakuna aliyecheka tena. Mthamini alikwisha apa harudi, na benki imesema bila yeye hakuna mkopo. Mwezi wa Rajabu ulikuwa umeshapita nusu.

Mbwana akasimama. "Wathamini wote ni wanaume?"

Kumbe yupo mwanamke mmoja anayekubaliwa na benki, Eliwaza wa Korogwe. Mbwana akamfuata Korogwe, akaambiwa yuko Lushoto anapima mashamba. Akamfuata Lushoto, mvua inanyesha, akamkuta kwenye mteremko, matope mpaka magotini.

"Kaka, nina kazi mpaka mwezi ujao," Eliwaza akasema.

Mbwana akamwaga maneno yake yote. Akamsifu, akamchekesha, akamwapia, huku akimshikia ncha ya futi toka shamba hili mpaka lile. Eliwaza anapima tu. Maneno yakamwishia Mbwana, na hilo halikuwahi kumtokea toka azaliwe. Akabaki kusema, "Dada yangu, mama anataka kufia nyumbani kwake. Hana."

Eliwaza akakunja futi.

Walipofika Ngamiani, Bi Mashavu alikuwa na beseni lake pale pale. "Na wewe mthamini?"

"Ndiyo, bibi. Ila mimi nathamini kuta tu."

"Pita."

Ripoti ikaenda benki. Mbwana akarudi stendi, akakuta mahali pake pamesimama mwingine, na mabasi hayana habari naye tena.

Sasa msidhani Seif Mabati alikuwa amelala. Yeye aliwapitia ndugu wa Bi Hadia, na ndugu wakawa hawaishi kumwambia: "Unawangoja maskini wa benki? Wanakupotezea wakati. Benki haina haraka, na njaa haina subira." Mjane yumo ndani, hatoki, anasikia hayo asubuhi na jioni. Moyo ukaanza kulegea.

Mwajabu aliliona hilo mapema. Kila kulipopambazuka alikuwa kwa Bi Hadia, anamchemshia maji, anamkanda miguu, anasikiliza. Alisikiliza habari za marehemu: alivyokoroma, alivyopenda samaki wa kukaanga, alivyokwenda kumposa akiwa na papai moja kwapani. Zikiisha, zilianza upya.

Siku moja kaka yake Bi Hadia akaingia na foronya imejaa noti za Seif. Akaiweka mapajani mwa dada yake. "Pokea, dada. Mambo yaishe."

Bi Hadia akaweka mkono juu ya foronya. Mwajabu alikuwa pale. Angelia? Angemkumbusha ahadi? Hakufanya hilo wala lile. Aliuliza tu, "Mama, ulikuwa unanisimulia siku ya posa. Alikuja na papai. Akakwambiaje?"

Bi Hadia akainua macho. Kisha akasema polepole, "Aliniambia, 'Hadia, mimi sina kitu ila neno langu.'"

Mkono ukatoka juu ya foronya.

Huko nyumbani, mumewe Mwajabu alikuwa amezoea kula kwa jirani, mpaka jirani akawa mke mwenza. Hayo Bi Mwatumu aliambiwa baadaye, akainama.

Rajabu ikielekea ukingoni, benki ikatoa pesa, wakili akakaa barazani, Bi Hadia nyuma ya pazia, karatasi zikapitishwa chini ya pazia zikarudi na dole gumba. Shaabani ikaandama. Nyumba imenunuliwa!

Lakini mjane hatolewi ndani ya eda. Bi Mwatumu akahamia chumba cha uani, na shoga yake yuko chumba cha mbele.

"Karibu, Mwatumu."

"Nikaribie wapi, Hadia? Nyumba si yangu?"

"Nyumba yako. Mlango bado wangu, mpaka nitoke."

Na ufunguo ulikaa chini ya mto wa Bi Hadia. Ramadhani ikaingia, Bi Mwatumu hawezi kufunga. Anapumua kama mtu wa kuazima pumzi. Wanawe wanatazamana, hakuna anayethubutu kusema lililo mioyoni mwao: ataiwahi siku hiyo? Yeye, wakimuuliza anajisikiaje, hujibu, "Sijapewa mlango bado."

Ramadhani ikapita, kisha eda ikaisha. Bi Hadia akaoga, akavaa nguo ya rangi, akatoka. Barazani akamwekea shoga yake ufunguo kiganjani, wakalia wote wawili. Siku ile Bi Mwatumu aliufunga mlango ule akaufungua, akaufunga akaufungua, kama mtoto mwenye kitu kipya. Jioni akaufunga ufunguo kwenye pindo la khanga yake, akawaita wanawe.

"Kukaa mtakaa wote. Lakini mlango una mwenyewe mmoja. Mgeni akiuliza 'hapa kwa nani?' litajwe jina moja, la yule aliyenipatia mlango huu. Ni nani?"

Kwanza wakasukumiana kwa heshima. "Dada ndiye aliyekopa." "Hapana, Mbwana ndiye aliyemleta Eliwaza." Kisha heshima ikaisha.

"Mimi ndiye nitakayelipa mpaka mvi zinitoke," akasema Sikudhani.

"Faili lako lingeozea huko juu bila mimi!" akajibu Mbwana.

"Na nyote mngepima nyumba ya Seif Mabati," akasema Mwajabu, yeye ambaye hajazoea kusema.

Bi Mwatumu akawatazama mmoja mmoja. Mmoja hana mume, mmoja hana kazi, mmoja ana mke mwenza. "Nyamazeni," akasema. "Nitalala nalo. Asubuhi nitataja."

Asubuhi walimkuta amepumzika, uso umetulia, mkono umeshika pindo la khanga.

Jeneza lilipita mlango wa mninga. Vijana waliobeba walikwaruza fremu, mkwaruzo mrefu, na hakukuwa na mtu wa kuwagombeza. Mpaka leo haujapakwa rangi.

Sikudhani alirithi kikaango cha mkate wa kumimina. Mbwana alirithi redio. Mwajabu alirithi mkeka ule wa kungojea habari. Khanga iliwashinda. Imetundikwa msumarini nyuma ya mlango, na fundo lake halijaguswa. Watoto hao wanafunga kwa komeo tu, na mmoja lazima abaki ndani. Mgeni akiuliza "hapa kwa nani?" wanainama wote watatu.

Haya, wewe wa karanga, na nyinyi nyote. Mmoja aliilegeza benki, mmoja aliuleta ule mkono wa kupima, mmoja aliuondoa mkono wa mjane juu ya foronya. Khanga ile hapo msumarini. Ungelifungua wewe lile fundo, ufunguo ungemkabidhi nani?